Kenny Dalglish: Mfalme wa Anfield aliyebeba msiba wa mji mzima

Mpenzi msomaji, iwapo una kijana nyumbani anayependa kandanda, bila shaka jina la Liverpool si geni sebuleni mwako. Muulize ni nani mchezaji bora kuwahi kuvaa jezi ile nyekundu, naye atakutajia Steven Gerrard au Mohamed Salah. Kisha mgeukie babu yake, aliyekuwa akifuatilia ligi ya Uingereza kwa redio na magazeti miaka ya sabini na themanini, umuulize swali lilo hilo. Huenda akatabasamu, akatikisa kichwa na kukwambia: “Hawa wote ni wazuri, lakini kulikuwa na Kenny Dalglish.”

Mashabiki wa Liverpool walimpa jina la Mfalme Kenny, na ukitazama mabao na vikombe vyake utaona kwamba jina hilo hakulipewa bure. Hata hivyo, leo hatukusudii kukuhesabia vikombe tu. Tunataka kukusimulia habari za mwanamume aliyehudhuria mazishi manne kwa siku moja, akawafariji waliofiwa mwaka mzima, na akasahau kwamba yeye pia alihitaji kufarijiwa. Ni kisa cha mwanasoka, lakini kinamhusu kila baba, kila mama na kila kijana anayeambiwa ajikaze kiume.

MABANGO UKUTANI

Kenneth Mathieson Dalglish alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika mtaa wa Dalmarnock, mashariki mwa jiji la Glasgow, Uskoti. Glasgow wakati huo lilikuwa jiji la viwanda na viunda vya meli, na kwa watoto wengi wa wafanyakazi mpira ndio uliokuwa burudani yao kuu. Babake alikuwa fundi wa mitambo. Shuleni Kenny alianza kucheza kama mlinda lango kabla ya kugundua kwamba raha yake ilikuwa kufunga mabao badala ya kuyazuia.

Ili kuelewa ujana wake, msomaji, yafaa ujue kwamba Glasgow imegawanyika kati ya klabu mbili. Rangers ilipendwa na Waprotestanti na Celtic ikapendwa na Wakatoliki, hasa wale wenye asili ya Ireland. Mgawanyiko huo ulikuwa mkali, na mtu aliweza kutambuliwa dini yake kwa rangi ya skafu aliyovaa shingoni. Familia ya akina Dalglish ilikuwa ya Kiprotestanti na Kenny alikuwa mpenzi sugu wa Rangers. Alipokuwa kijana familia yao ilihamia karibu na uwanja wa Ibrox, na dirishani mwao aliweza kuwaona wachezaji wa Rangers wakifanya mazoezi.

Lakini Rangers hawakubisha hodi. Waliobisha ni Celtic. Mwaka wa 1967 msaidizi wa kocha wa Celtic, Sean Fallon, alifika nyumbani kwao kutaka kumsajili. Inasimuliwa kwamba Kenny alipong’amua mgeni ni nani, alikimbia chumbani akaanza kubandua haraka picha za wachezaji wa Rangers zilizojaa ukutani! Mwezi uo huo wa Mei, Celtic walitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya, wakiwa klabu ya kwanza kutoka Uingereza na Uskoti kufanya hivyo. Kijana wa miaka 16 alikuwa ameingia katika nyumba ya mabingwa.

Hakuingia kwa kishindo. Kocha Jock Stein alimpeleka kwanza katika timu ndogo ya Cumbernauld United ili akomae, na kwa muda Kenny alikuwa mwanagenzi wa useremala huku akicheza. Vijana wetu wanaotaka kuwa nyota kabla ya kumaliza kidato cha pili wangefaa kulitafakari hilo. Ilimchukua takriban miaka minne kupata nafasi ya kudumu katika kikosi cha kwanza.

Katika kipindi hicho cha kungoja, tarehe 2 Januari 1971, alikuwa Ibrox kama mtazamaji Rangers walipokutana na Celtic. Mechi ilipomalizika, umati uliokuwa ukitoka ulibanana kwenye ngazi, watu wakaanguka na kukanyagana. Watu 66 walifariki, wengi wao vijana. Kenny alikuwa na umri wa miaka 19. Hakujua kwamba kifo kingemfuata viwanjani mara mbili zaidi.

MRITHI WA KEEGAN

Akiwa na Celtic, Dalglish alifunga mabao 167 na kushinda ligi mara nne na Kombe la Uskoti mara nne. Agosti 1977 Liverpool walimnunua kwa pauni 440,000, fedha ambazo zilikuwa rekodi kati ya klabu za Uingereza na Uskoti siku hizo. Alitakiwa kujaza pengo la Kevin Keegan, kipenzi cha mashabiki, aliyekuwa amehamia Hamburg ya Ujerumani. Alikabidhiwa hata jezi yake, nambari saba.

Wengi walidhani pengo hilo halizibiki. Lakini mwisho wa msimu wake wa kwanza, tarehe 10 Mei 1978, Liverpool walikutana na Club Brugge ya Ubelgiji uwanjani Wembley katika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Dalglish alipokea pasi ndani ya eneo la hatari, akamsubiri mlinda lango ajitupe chini, kisha akaudokoa mpira juu yake hadi wavuni. Liverpool walishinda 1-0. Tangu siku hiyo hakuna aliyemlilia tena Keegan.

Je, alikuwa na siri gani? Hakuwa na mbio za ajabu wala umbo kubwa. Nguvu zake zilikuwa kichwani. Aliweza kumgeuzia beki mgongo, akamzuia kwa kiuno chake kipana, na wakati beki akihangaika kuutafuta mpira yeye alikwisha kujua nani yuko wapi. Mshambulizi Ian Rush alifunga mabao mengi yaliyotokana na pasi zake. Dalglish alipofunga yeye mwenyewe, aliinua mikono yote miwili na kutabasamu kama mtoto aliyepewa peremende, na tabasamu hilo likawa sehemu ya Jumamosi za watu wa Liverpool.

Alishinda Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara tatu: 1978, 1981 na 1984. Kwa timu ya taifa ya Uskoti alicheza mechi 102 na kufunga mabao 30, akienda Kombe la Dunia mara tatu. Mabao hayo 30 yanalingana na yale ya Denis Law.

Tarehe 29 Mei 1985 kifo kilimfuata tena uwanjani. Kabla ya fainali dhidi ya Juventus ya Italia katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, baadhi ya mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafariki, wengi wao Waitaliano. Klabu za Uingereza zilifungiwa nje ya mashindano ya Ulaya. Katika siku hizo za aibu na majonzi, Dalglish alitangazwa kuwa kocha mpya wa Liverpool huku akiendelea kucheza. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Msimu wake wa kwanza akiwa kocha mchezaji ulikuwa kama hadithi ya kubuni. Tarehe 3 Mei 1986 alifunga yeye mwenyewe bao la pekee dhidi ya Chelsea lililowapa Liverpool ubingwa wa ligi, na wiki moja baadaye wakawalaza majirani wao Everton 3-1 kuchukua Kombe la FA. Kwa mara ya kwanza katika historia yao, Liverpool walikuwa wamevibeba vikombe hivyo viwili msimu mmoja.

JUMAMOSI YA HILLSBOROUGH

Na sasa, msomaji, tufike mahali ambapo kisa hiki kinabadilika.

Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool walikuwa wakicheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Nje ya lango la upande wa Leppings Lane, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walikuwa wamesongamana kwenye milango michache. Polisi waliamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe ili kupunguza msongamano. Umati ukaingia na kuelekea moja kwa moja katika njia iliyopeleka watu kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa pomoni. Hakuna aliyeifunga njia ile. Mbele yao kulikuwa na ua wa chuma uliowekwa kuwazuia mashabiki wasiingie uwanjani.

Mechi ilichezwa kwa dakika sita tu. Refa alipoisimamisha, watu walikuwa wakifa wakiwa wamesimama wima, wamebanwa kifua hata wasiweze kuvuta pumzi. Mashabiki waliong’oa mabango ya matangazo kandokando ya uwanja wakayafanya machela. Hatimaye idadi ya waliofariki ilifika 97, wa mwisho wao akiwa ameaga dunia mwaka wa 2021 kutokana na majeraha ya siku hiyo. Aliyekuwa mdogo zaidi alikuwa mtoto wa miaka 10.

Dalglish alikuwa kocha, lakini pia alikuwa baba. Mwanawe Paul, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alikuwa amekuja uwanjani siku hiyo. Kwa muda Kenny hakujua mwanawe yu wapi, hadi alipomwona akiwa salama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Labda ndiyo sababu hakuweza kuwasahau wazazi wengine ambao watoto wao hawakurudi.

MATANGA ANFIELD

Siku zilizofuata, klabu ya Liverpool iligeuka kuwa nyumba ya matanga. Milango ya uwanja wa Anfield ilifunguliwa, na watu wakaja kwa maelfu kuweka maua, skafu na barua. Maua yalianzia kwenye jukwaa la Kop yakaenea hadi katikati ya uwanja. Mashabiki wa Everton, mahasimu wao wa jadi, nao walikuja. Skafu za buluu na nyekundu zilifungwa pamoja hadi zikaunganisha viwanja vya klabu hizo mbili kupitia bustani iliyo kati yao.

Dalglish ndiye aliyekuwa kiongozi wa msiba huo. Mkewe Marina na wake za wachezaji wengine waliketi na waliofiwa katika ukumbi wa wachezaji, wakiwaandalia chai na kuwasikiliza. Kenny na wachezaji wake walikwenda Sheffield kuwatazama majeruhi hospitalini. Kisha yakaja mazishi. Klabu iliazimia kwamba kila familia iliyotaka iwe na mwakilishi wa Liverpool kaburini. Wachezaji waligawana kazi hiyo, lakini kocha alihudhuria mazishi mengi sana, na siku moja alikwenda manne. Hebu fikiria, msomaji: kanisa baada ya kanisa, jeneza baada ya jeneza, mama baada ya mama.

Aidha, alisimama imara kuwatetea wafu. Siku nne baada ya mkasa, gazeti la The Sun lilichapisha madai ya uongo kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti na kuwashambulia polisi waliokuwa wakiokoa watu. Dalglish amesimulia kwamba mhariri wa gazeti hilo alimpigia simu kumuuliza namna ya kurekebisha mambo. Akamjibu kwamba njia ni moja: liandike kwa herufi kubwa zile zile kwamba lilisema uongo. Mhariri akasema hawezi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mpira nao haukusubiri. Mwezi Mei Liverpool walirudi uwanjani, wakawashinda Everton 3-2 katika fainali ya Kombe la FA, kisha wakapoteza ubingwa wa ligi kwa bao la Arsenal lililofungwa dakika ya mwisho kabisa ya msimu. Mwaka uliofuata, 1990, walitwaa ligi. Aliyemtazama Dalglish kwa mbali angeona mtu aliyepona.

MFICHA MARADHI

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Dalglish hakuficha kwa ujanja. Yeye mwenyewe hakujua alikuwa na kidonda. Kila alipokwenda, watu walimtegemea awe nguzo, na nguzo haiulizwi iwapo imechoka. Siku hizo katika soka hapakuwa na desturi ya kocha kumwendea mtaalamu na kumwambia usingizi haumjii. Mwanamume aliyekulia Glasgow alifundishwa kukaza meno.

Lakini mwili haudanganyiki. Ngozi yake ilianza kutoka vipele, ikambidi daktari amdunge sindano. Nyumbani alikuwa mkali pasipo sababu. Tarehe 20 Februari 1991 Liverpool walicheza na Everton mechi ya marudio ya Kombe la FA. Mara nne Liverpool walitangulia kufunga na mara nne Everton wakasawazisha, hadi mechi ikaisha 4-4. Baadaye Dalglish alieleza kwamba alikuwa amesimama kando ya uwanja akijua hasa badiliko lililohitajika ili kuilinda timu yake, lakini hakuweza kulifanya. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiamua kwa nukta moja alishindwa kuamua.

Siku mbili baadaye alijiuzulu. Liverpool walikuwa wakiongoza ligi na bado walikuwa katika Kombe la FA. Uingereza nzima ilishangaa, na uvumi wa kila aina ukaenea kuhusu sababu “halisi” ya kuondoka kwake. Kumbe sababu ilikuwa ndogo na kubwa kwa wakati mmoja: alikuwa amechoka hadi kwenye mfupa. Alihisi kwamba kichwa chake kingepasuka. Miaka ilipita kabla ya yeye mwenyewe kukiri jinsi Hillsborough ilivyomwathiri. Isitoshe, alikiri kwamba baada ya kupumzika miezi michache angerudi Liverpool kwa furaha kama wangemwita. Hawakumwita.

KUREJEA TENA

Mapumziko na familia yalimfaa. Oktoba mwaka huo wa 1991 aliichukua Blackburn Rovers, klabu ya mji mdogo iliyokuwa katika daraja la pili, ambayo mara ya mwisho kutwaa ligi ilikuwa 1914. Akaipandisha daraja 1992 na kumnunua mshambulizi Alan Shearer. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 14 Mei 1995, Blackburn walihitaji matokeo mema ili wawe mabingwa, na mechi yenyewe ilikuwa wapi? Anfield! Blackburn walifungwa 2-1, lakini Manchester United walitoka sare na West Ham, na kombe likawa lao. Mashabiki wa Liverpool waliisahau timu yao wakamshangilia mfalme wao wa zamani.

Maisha, hata hivyo, hayakuacha kumjaribu. Mwaka wa 2003 Marina aligunduliwa kuwa na kansa ya matiti. Safari hii familia haikuficha wala kukaza meno. Alitibiwa, akapona, na kutokana na mateso yake akaanzisha hazina ya kuchangia matibabu ya kansa, iliyosaidia kujengwa kwa kituo cha wagonjwa katika hospitali ya Aintree huko Liverpool.

Januari 2011, miaka 20 baada ya kuondoka, Kenny aliitwa tena kuifunza Liverpool. Alishinda Kombe la Ligi mwaka wa 2012, kisha akaachishwa kazi mwezi Mei baada ya kumaliza vibaya kwenye ligi. Hakununa. Aliendelea kuketi uwanjani kama shabiki, na kusimama na familia za Hillsborough katika vita vyao vya kudai haki.

Vita hivyo vilidumu miaka 27. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la mahakama lilitoa uamuzi kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuchangia kwa lolote mkasa huo. Kile alichowaambia wafiwa mwaka wa 1989 sasa kilikuwa kimeandikwa mahakamani. Mwaka uliofuata jukwaa moja la Anfield lilipewa jina lake, na mwaka wa 2018 Malkia wa Uingereza akamtunuku cheo cha ‘Sir’ kwa mchango wake katika soka, misaada na mji wa Liverpool.

FUNZO KWETU

Tunajifunza nini, mpenzi msomaji? Kwa kijana anayeota kucheza ng’ambo: Dalglish alishika randa na msumeno kabla ya kushika vikombe, na subira haikumpunguzia chochote.

Lakini funzo kubwa ni la wale wanaotegemewa. Katika kila ukoo kuna mtu mmoja anayepigiwa simu kukitokea msiba. Ndiye anayetafuta gari la kusafirisha maiti, anayeandikisha michango, anayepokea wageni, na anayewatuliza wanaolia. Pengine ni baba yako, pengine ni dada yako mkubwa. Pengine ni wewe. Wageni wakishatawanyika na viti vya kukodi vikirudishwa, hakuna anayemuuliza: “Na wewe, unaendeleaje?”

Kenny Dalglish alikuwa na watu maelfu waliolitaja jina lake kwa mapenzi kila Jumamosi, na bado ilichukua karibu miaka miwili, vipele vya ngozi na mechi ya 4-4 kabla ya yeye mwenyewe kutambua kwamba anaumia. Mtu wa kwenu hana uwanja wa kumshangilia. Ana nyinyi tu. Leo ni Jumapili, siku ya kutembeleana. Mpelekee chai, uketi naye, umwulize.